Betri Mbili za Taa ya Mgodi

Mwanangu Mwansa,

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia. Nimemsikia akikuonya juu ya samaki wanaouzwa kwenye vituo, juu ya kulala huku sanduku likiwa mbali na miguu yako, juu ya kumsalimia shangazi yake kule Kolwezi kabla hujafungua mzigo. Hapo sina la kuongeza. Ameyapanga vizuri kuliko ningeyapanga mimi.

Ninakuandikia alasiri hii ukiwa umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Nimerudi sasa hivi kutoka Ruashi, na vumbi bado liko kwenye viatu vyangu. Utajua baadaye nilikwenda kwa nani.

Jumapili, wageni walipokuwa wakila, mjomba wako alikuuliza msichana anatafuta nini kwenye shule ya mota na nyaya. Ulicheka, ukajibu: "Ni Baba njo alinifundishaka. Alinitengenezeaka gari ya kuongoza na antena, mi niko ku dirisha, gari iko inatembea mu lupango, mu kiwanja." Watu wakapiga makofi. Mjomba wako akanishika bega. Mimi nikasimama, nikasema nakwenda kunawa, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka bukari kwenye sahani yangu ikapoa. Ulipokuja kuniita ukaniuliza, "Baba, uko na hasira?" Nikasema ni jua.

Halikuwa jua. Gari lile liliua mtu, Mwansa. Au niseme vizuri: mimi niliua mtu kwa sababu ya gari lile. Na mtu mwingine aliteswa badala yangu.

Nianze na Feza, kwa sababu kila kitu kilianza naye. Wewe ulikuwa na miaka saba, dada yako tisa. Tulikaa kambi ya wafanyakazi, nyumba za mwisho kabla ya reli. Surua ilipita mlango kwa mlango kipindi cha baridi, ikamchukua Feza kwa siku sita. Mlikuwa mnalala kitanda kimoja. Tulipotoka makaburini ulinyamaza. Tulidhani ni kilio cha kawaida cha mtoto, kitaisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwalimu akakurudisha nyumbani, akasema hawezi kumfundisha mtoto asiyejibu. Mama yako alikupeleka kwa masista, akakupeleka kwa watu wa maombi, hata kwa bibi yake Kasenga. Miezi mitano hukutoa neno. Ulikuwa unakaa dirishani tangu asubuhi unatazama ua mtupu, na mimi nilikuwa naogopa kurudi nyumbani. Hilo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa naogopa kuona uso wako.

Ndipo mpishi mmoja aliyefanya kazi kwa mhandisi mzungu akaniletea boksi. Mzungu alikuwa amerudi kwao, na mtoto wake ameacha gari la kuchezea, lile la kuongozwa kwa mbali, pamoja na kisanduku chake chenye antena. Betri ilikuwa imekufa. Mota ilikuwa nzima.

Mimi nilikuwa mtu wa betri. Kazi yangu ilikuwa chumba cha taa, lampisteri, pale juu ya mgodi: kuchaji taa za kofia, kuzipanga kwenye rafu kwa namba zake, kumpa kila mchimbaji taa yake kabla hajashuka. Nilijiona najua. Sikupata betri ya kufaa, basi nikachukua ya gari la jirani, ya volti kumi na mbili, nikaiunganisha na ile mota ndogo iliyotengenezwa kwa volti saba. Ililia kama mbu kwenye sikio. Kabla sijaiondoa waya ilitoa moshi, na harufu ya vanishi iliyoungua ikakaa nyumbani siku mbili. Hilo lilikuwa kosa la kwanza: betri yenye nguvu kuliko mota.

Uligeuza kichwa, ukautazama moshi. Mara ya kwanza kwa miezi mitano ulitazama kitu nilichofanya. Kwa hiyo sikuweza kuacha.

Nikapata mota nyingine kwenye gari bovu nyuma ya gereji, ile inayozungusha feni ya kupuliza joto ndani ya gari. Ilikuwa kubwa kwa kile kigari cha plastiki. Nikatengeneza gari jipya, fremu ya mbao, magurudumu ya beringi, nikahamishia humo vyombo vya kupokea amri za antena. Nikaweka betri sita za tochi. Hapo nikafanya kosa la pili: mota yenye njaa kuliko betri. Ilitembea hatua kumi. Betri zikapata moto, nguvu ikashuka, na kile kipokezi kikazimika kwa sababu kilikuwa kinakula kwenye sahani moja na mota. Unabonyeza kusimama, halisikii. Lilikwenda likagonga mbabula ya mama yako, makaa yakamwagika ua mzima. Nawe ukafungua mdomo. Sauti haikutoka, lakini mdomo ulifunguka.

Mwansa, mtu akiniuliza leo ni saa ngapi nilipotea, nitasema ni ile. Nilikaa usiku kucha nikipiga hesabu. Mota ilitaka volti nane hivi, na ilitaka betri inayoweza kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo bila kuchoka. Betri ya taa ya mgodi ni volti nne. Mbili zikifuatana zinakuwa nane. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Hiyo ndiyo hesabu bora niliyopiga maishani mwangu.

Kwenye rafu zilikuwepo taa mbili ambazo hakuna aliyezihitaji kwa wiki tatu, kwa sababu wenyewe walikuwa kwenye likizo. Moja ilikuwa ya Ilunga; ya pili haikushuka tena mgodini, mwenyewe alihamishwa kabla hajarudi.

Ilunga utamkumbuka kidogo, mtu mrefu aliyekuwa akiinama mlangoni kwetu. Alikuwa akipanga mbao za kuzuia mawe kule chini. Tulisali pamoja, tulikunywa pamoja, ndiye aliyebeba sanduku la Feza upande wa mbele. Nilijua ni taa yake. Nilisema moyoni, ni Ilunga, hata akijua atacheka.

Jumamosi nilizitoa ndani ya mfuko, nikazifunga nyuma ya baiskeli. Jumapili baada ya misa nikaziweka juu ya gari, nikakupa kisanduku, nikavuta antena. Ulikuwa dirishani. Gari likaondoka, likapita mbele ya jiko, likazunguka mti wa mapera, likarudi. Nawe ukapiga kelele: "Baba, iko inakuya! Iko inakuya kwangu!"

Mama yako aliangusha sufuria. Alipiga magoti pale pale kwenye maji ya mboga ya sombe, analia. Ulisema siku ile nzima, kama mtu aliyekuwa na deni la maneno. Ulitaja jina la Feza. Ulisema, "Feza angeona." Uliendesha gari mpaka likaishiwa kabisa, halijongei tena.

Jumatatu alfajiri nilirudisha betri kwenye chaja. Jumapili ya pili nikazichukua tena, na ya tatu.

Sasa nikuambie kitu ambacho huko uendako watakufundisha kwa siku moja, na mimi nilikijua. Betri ya taa imetengenezwa kutoa kidogo kidogo, ampea moja hivi, mchana kutwa. Mota yetu ilikuwa inaivuta mara sita ya hapo, na tuliikamua mpaka tone la mwisho, kisha ikalala hivyo mpaka Jumatatu. Betri ikifanyiwa hivyo sahani zake za ndani zinaharibika. Lakini ukiichaji inajaa haraka, na ukiweka kipimo, sindano inasimama palepale panapotakiwa. Volti nne. Ukiwasha taa, inang'aa. Ili kujua ukweli inabidi uiache ikiwaka, ukae nayo masaa. Mimi sikukaa nayo. Niliona sindano, nikaandika namba, nikarudisha taa kwenye rafu. Moyoni nilijua. Sitasema sikujua. Niliona zinajaa haraka mno, nikaona jasho la asidi pembeni, nikalipangusa kwa mkono.

Likizo ilipokwisha, Ilunga alirudi kazini Jumatatu ya wiki iliyofuata. Asubuhi ile kwenye dirisha la kutolea taa alikuwa Mulenga, mwenzangu wa lampisteri, kijana wa Kasenga aliyekuwa hajaoa bado. Aliipima taa, akaiwasha, ikang'aa, akampa. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye chaja, hatua tano kutoka hapo. Nilimsikia Ilunga akiuliza, "Baba Mwansa iko? Banasema mutoto anasema tena!" Nikajifanya nimeinama na nyaya. Ningeweza kusema: Ilunga, chukua taa nyingine. Maneno manne. Mstari ulikuwa mrefu nyuma yake, na ningeulizwa kwa nini.

Jioni, kila mtu alipotundika kibati chake cha namba ukutani, msumari mmoja ulibaki mtupu.

Walimkuta kesho yake chini ya shimo la kutelezeshea mawe. Alikuwa amekwenda peke yake kwenye njia ya zamani kuhesabu mbao. Taa ilikuwa imekufa kabisa. Wenzake walisema mchana kati walisikia bomba likigongwa, kwa mbali, wakadhani ni mafundi wa pampu.

Miaka ile, baada ya vita, hakuna kosa mgodini lililoitwa kosa. Liliitwa sabotage, yaani hujuma. Wakubwa waliuliza nani alitoa taa. Mulenga akasema, "Ni miye. Niliipima, ilikuwa muzuri." Askari wa gendarme wakamchukua mbele yetu sote. Alinitazama alipokuwa akipandishwa kwenye jipu. Nilifikiri anatafuta msaada wangu, nami nikatazama chini. Walimweka miezi minne. Alipotoka hakuwa na meno ya mbele, na hakuna kampuni iliyomtaka. Alirudi Kasenga. Mimi nilipewa ukubwa wa lampisteri. Shule yako yote, Mwansa, mpaka diploma uliyoifunga kwenye plastiki, ilitoka kwenye kiti kile.

Gari nililivunja kwa shoka siku ya maziko ya Ilunga. Nilikuambia wezi wamelichukua. Ulilia, ukanyamaza tena siku tatu, na mimi katika siku zile tatu nilikaribia kuwa kichaa. Kisha ukaomba maji. Mama yako akakupa maji, nami nikatoka nje nikamshukuru Mungu, kama vile nilikuwa bado na haki ya kumshukuru kwa jambo lolote.

Nilinyamaza miaka tisa. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Mtoto amerudi kusema, baba akifungwa atanyamaza tena. Ilikuwa kweli mwaka wa kwanza, labda wa pili. Baadaye ulikuwa unaimba kwaya, unatengeneza redio za mtaa mzima, unabishana na mimi mezani, na mimi bado nilikuwa nakutumia wewe kama sababu. Hilo ndilo ninaloliona baya kuliko yote. Usikubali mtu akufanye sababu yake namna hiyo. Hata mimi.

Miaka mitatu iliyopita niliwaambia nakwenda Kasenga kununua samaki. Nilikwenda kumtafuta Mulenga. Nilimkuta karibu na mto anapanga samaki wa kukaushwa juu ya nyasi, mke wake pembeni. Alinitambua upesi kuliko nilivyomtambua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kazi. Aligeuza samaki mmoja mmoja mpaka nikamaliza.

Akasema, "Nilijuaka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile banakuta Ilunga. Uliingiaka mu misa ya kumuombea na patalo ya dimanche, ile ya kusalia, iko na matundu ya asidi juu ya goti. Nani anavaa patalo ya misa mu lampisteri? Nikajua betri ziliendaka ku nyumba yako."

"Na juu ya nini haukusema?"

Hapo ndipo alipoacha samaki. "Nilipitaka pa nyumba yenu, dimanche moja kisha misa. Nilisikia ule mutoto iko anasema, anasema, hanyamaze. Nikawaza: nikitaja baba yake, sauti itapotea tena. Nilifikiri batanifunga siku mbili, bataniachilia. Sikujua kama itakuwa vile." Alijigusa mdomo. "Kama ningejua, ningekutaja. Usifikiri miye ni mutakatifu."

Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Akasema, "Ya kwangu iliisha kuoza. Lakini ya Ilunga haiko ya miye kusamehe. Uende kwa bibi yake, ule mujane."

Nilirudi nikamwambia mama yako. Tangu siku ile analala chumbani kwako. Ulidhani ni kwa sababu ninakoroma. Ananipikia, ananifulia, anazungumza nami mbele ya watu. Anasubiri nifanye aliloniambia Mulenga, na mimi nimemfanya asubiri miaka mitatu.

Leo nilikwenda. Mjane wake, Mama Ilunga, anakaa Ruashi, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe na wanawe, tofali kwa tofali. Anauza makaa. Alinipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari ya safari yako, akasema amekuwekea karanga. Nikamwomba asilete karanga kwanza. Nikamwambia.

Hakulia. Hakunitukana. Alifuta vumbi la makaa kwenye viganja vyake, kimoja kimoja. Kisha akasema:

"Baba Mwansa, bakubwa ba kazi baliniambia alianguka akakufa mara moja. Lakini mi niliona mikono yake. Kucha zilikuwa zimekwisha, zote. Nimeuliza bantu myaka kumi na mbili: muntu mwenye kukufa mara moja, kucha zake zinakwisha namna gani? Hakuna mwenye alinijibu. Weye unajua?"

Najua. Mimi ni mtu wa betri. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi kuliko ile ya kwanza. Betri iliyochoka vile ingempa masaa mawili ya mwanga, na yeye alishuka alfajiri. Bomba liligongwa mchana kati. Nikamwambia kwamba taa ilizimika ingali asubuhi. Nikamwambia alitembea kwenye giza akipapasa ukuta, zaidi ya masaa manne, akaita, akagonga bomba, na kwamba alianguka baada ya hapo, sijui baada ya muda gani. Nilitaka kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ameuliza miaka kumi na miwili.

Akasema, "Aksanti." Kwa kweli alisema hivyo. Kisha akainama, akafunika uso kwa kitenge, na mwanawe mkubwa akatoka ndani, akanitazama, akanionyesha njia.

Nilipokuwa mlangoni aliniita. "Mwansa anajua?"

"Hapana, Mama."

"Anaenda kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Basi umuambie leo. Asiende na bongo yako, na uongo yako, mu sanduku."

Jumatatu atakwenda na mwanawe kwenye ofisi za kampuni. Aliniambia ili nisishtuke, na nikamwambia nitakuwepo. Sijui watanifanya nini. Yawezekana nyumba hii itachukuliwa, yawezekana utasikia nimefungwa. Mama yako ana dada zake na ana biashara yake ya unga. Wewe usirudi. Hata ukiletewa habari gani, usishuke kwenye treni na usiache shule ili kuja kunitetea. Sina la kutetewa. Kama kuna safari unayotaka kufanya kwa ajili ya jambo hili, likizo ya kwanza nenda Kasenga ukamsalimie Mulenga. Msikize tu. Aliilinda sauti yako, na hajawahi kuisikia tangu siku zile.

Sikuambii haya ili uache kupenda mota. Nimekutazama ukifungua redio tangu una miaka kumi, una mikono iliyotulia kuliko yangu. Nimekuambia kwa sababu kesho watu wataniita baba wa msichana mwenye akili, nami sikutaka usimame kando yangu bila kujua umesimama kando ya nani.

Ningeweza kuiweka barua hii chini ya nguo zako ukaisome njiani, baada ya Likasi, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Nimeifikiria sana njia hiyo, na ni njia ya mtu yule yule aliyeinama na nyaya. Basi nimeiacha juu ya kitanda, mahali utakapoiona ukiingia. Mama yako atakuachia nyumba. Mimi niko uani, nimekaa upande wa jiko, na sitaondoka hapo. Njoo uniulize. Na kama hutaki kuniona, pita mlango wa mbele. Mjomba wako yuko tayari kukusindikiza stesheni, na sitakufuata.

Baba yako